Vipimo Mapasa na Namba Saba

Kwanza munisamehe mwandiko. Nilisoma shule ya msingi tu, na mwaka wa mwisho darasa letu lilijazwa magunia ya msaada, sisi tukasomea nje, ambako upepo uligeuza kurasa kabla sijamaliza mstari. Mpaka leo naandika polepole na herufi zangu zinalala upande mmoja. Penye nimekosea, someni kwa sauti, mutasikia nilichotaka kusema. Mbele za watu sauti yangu hukwama kooni. Kwenye karatasi haikwami sana.

Nataka kueleza siku vipimo vya kiwanda cha chai vilipojaribiwa katika ua wa baba mkubwa, hapa Kamembe, miaka ile malori ya askari yalikuwa yanashuka kila siku kwenda kwenye daraja la mpakani na ndege zilikuwa zinapita juu ya mabati yetu chini sana, hata kuku walizoea.

Baba mkubwa alikuwa fundi wa chuma na umeme. Kabla ya vita alikuwa anasuka mota za mashine za kusaga. Baada ya vita watu walitaka milango tu, kwa sababu milango yote ilikuwa imevunjwa au imeibwa. Kaka yangu alikuwa anafanya kazi naye, na mimi na mama tuliishi nyuma ya atelie, karakana yake, na kuwapikia. Baba yetu alishafariki kwa ugonjwa, zamani.

Mama yangu watu wote walimwita Maman Mapasa, maana kaka yangu alizaliwa pacha. Mwenzake alipotea njiani ng'ambo ya daraja, wakati kambi za wakimbizi zilipovunjwa na watu wakakimbilia msituni. Hatukumzika, hatukumpata. Kwa hiyo mama hakubadilisha kitu. Alinunua mashati mawili ya kitambaa kimoja. Moja kaka alilivaa, la pili alilikunja sandukuni. Mtu akimpa kaka andazi, mama alinyoosha mkono kwa la pili. Walimpa. Nani atabishana na mama wa mapasa?

Sasa, vijana wengi wa rika la kaka walikuwa wanavuka kwenda kuchimba mawe ya madini ng'ambo. Wengine walirudi na redio. Wengine hawakurudi. Kaka alikuwa amechoka na milango. Siku moja wakati wa kula akasema, "Maman, kama hii kabati ya kiwanda cha chai itakubaliwa, watanikamata kwa kazi ya kuichunga. Kama itakataliwa, siku ya tatu ninapanda lori, ninavuka."

Mama alichota ugali akauweka kwenye sahani ya pili, ile ya yule aliyepotea, mpaka ukawa kilima.

Hiyo kabati ilikuwa ya chuma, ndefu kama mtu, na baba mkubwa na kaka ndio waliifunga nyaya zote. Vipimo vyenyewe vilitoka mbali ndani ya masanduku yenye povu jeupe. Kaka alinieleza hivi: zamani kila kipimo cha kiwanda kilikuwa na waya wake mwenyewe mpaka chumba cha mkubwa wa mashine. Hivi vipya vyote vinaning'inia kwenye waya mmoja, kama nguo kwenye kamba. Kila kimoja kina namba. Kompyuta inaita namba, na mwenye namba peke yake ndiye anajibu joto lake au presha yake. Wengine wote wananyamaza. Nilipenda sana hiyo habari. Niliona ni mashine za watu kama mimi.

Namba inawekwa kwa vijiti vidogo sana chini ya kifuniko, kwa ncha ya bisibisi. Na sheria ya hiyo kazi ni kwamba kabati na vipimo vyake vinajaribiwa kwanza pale kabati ilipotengenezwa, mbele ya fundi, mbele ya injinia, na mbele ya shahidi wa mnunuzi. Vikipita, karatasi inatiwa sahihi, mzigo unapakiwa. Visipopita, haupakiwi.

Taabu ilianza asubuhi, shahidi wa kiwanda alipofika. Alikuwa mzee wa Giheke, mnene, mpole, mwenye usingizi, na alikuwa amepewa amri moja tu na wakubwa wake: asikubali kitu ambacho hajakiona kwa macho. Akasimama mlangoni akiangalia milango isiyopakwa rangi, mbuzi, na mimi na sufuria.

"Karatasi inasema tunajaribia kiwandani," akasema. "Kiwanda iko wapi?"

"Uko ndani yake, Papa," baba mkubwa akamjibu.

"Miye minaona mbuzi."

Mbuzi akatolewa. Shahidi bado alikuwa anaangalia huku na huku. Mwishowe kaka akachukua rangi ya buluu iliyobaki kwenye geti la mtu, akaandika ukutani KIWANDA, herufi kubwa. Shahidi akaisoma, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Sasa ninaiona," akasema, akaketi.

Injinia alitoka Nairobi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye adabu, anasema Kiswahili cha kwao, na alikuwa na daftari la jaribio ambalo hakuliweka chini hata alipokuwa anakunywa chai. Kwa kuwa mashine za chai hazikuwepo, tulitengeneza kiwanda cha uongo. Pipa la maji likawa tangi. Sufuria yangu ya chai ikawa tanuri, kipimo cha joto kikazamishwa humo, nikaambiwa niongeze kuni au nipunguze. Presha ya mvuke ilitoka kwenye pampu ya baiskeli.

Kwenye presha vilikuwepo vipimo viwili vya aina moja, sanduku moja. Injinia alieleza kwamba katika bomba la mvuke vinakaa pamoja vinaangalia kitu kimoja, ili kimoja kikidanganya kingine kikisahihishe. Lakini mama alikuwa ameviona tangu siku sanduku lilipofunguliwa, vimelala kwenye povu bega kwa bega, sura moja.

"Hizi ni mapasa," alisema siku ile.

Na kweli tangu siku ile alivitunza. Alivifunga uzi mwekundu, kila kimoja wake, kama walivyofungwa watoto wake mikononi. Akikifuta kimoja vumbi alifuta na cha pili. Jioni ya kabla ya jaribio, kaka alipokuwa anaweka namba, mama alikuwa amekaa karibu anachambua mchele. Akauliza ni namba gani. Kaka akasema, huyu saba, huyu nane.

"Kwa nini huyu mbele na huyu nyuma? Batoto ya tumbo moja?"

"Maman, ni mashine."

"Minakuuliza. Weye na mwenzako, kuna siku nilipatia mumoja, nikakatalia mwingine?"

Kaka aliangalia bisibisi. Halafu akaweka vyote viwili saba. Nilimwona, baba mkubwa alimwona, tukamwacha. Tulidhani kompyuta ni kitu cha akili, itaelewa.

Basi siku ya jaribio injinia akawasha. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi. Namba moja, pipa, ikajibu. Mbili ikajibu. Nne, sufuria yangu, ikasema joto, na shahidi akaja kuchungulia kama kweli maji yanatoa mvuke. Mpaka sita mambo yalikuwa mazuri. Saba ikasema sifuri, sawa, maana hatujapiga pampu. Nane ikanyamaza. Kaka akaanza kupiga pampu, na hapo saba nayo ikachanganyikiwa, mara iseme, mara isiseme, kisha skrini nzima ikawa nyekundu, hata pipa, ambalo halikuwa na kosa lolote, likawa kama halipo.

Injinia alikagua nyaya. Alikagua kile kijidude cha mwisho wa waya kinachozuia sauti isirudi. Akafungua kabati, akafunga. Akapiga pampu mwenyewe. Pampu ikitulia, vyema, ila nane kimya. Pampu ikipigwa, fujo. Sisi tuliojua habari ya saba mbili hatukutaka kumshitaki mama mbele ya mgeni.

"Labda kimoja cha presha kimekufa barabarani," akasema. "Nitakitoa hiki, tukione kile peke yake."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hapana, mwanangu. Mapasa habatenganishwi. Toa bote ao acha bote."

"Mama, hii ni kifaa tu. Nakitoa dakika kidogo, nakirudisha."

"Ni vile balisema na kule ng'ambo, bale balimubeba mutoto wangu. Kidogo tu, tutamurudisha."

Injinia akamtazama baba mkubwa. Baba mkubwa akainua mabega. "Unakula kwake," akamwambia. "Miye pia ninakula kwake."

Akatoa vyote viwili, na bila vipimo hivyo waya wote ukawa salama. Akarudisha vyote viwili, waya ukaharibika. Shahidi alishuhudia mara zote na kila mara alisema, "Nimeona."

Mchana ukapita. Adhana ikalia, tukaswali, injinia akakaa na daftari lake akingojea, kwao yeye alikuwa mtu wa kanisa. Tuliporudi alikuwa na wazo. Nafikiri alikuwa amechoka sana. Alisema anataka kumweleza shahidi jinsi huo waya unavyofanya kazi, ili shahidi aelewe ni nini hakiendi. Akafunga kamba kutoka kwenye kabati mpaka kwenye mparachichi, akapanga benchi, akatuketisha tushike kamba, kila mtu na namba yake. Baba mkubwa moja. Shahidi mbili. Tatu ni mwanamke wa Nkanka aliyekuwa amepita na sinia la sambaza, vile visamaki vya ziwani, akasema atakaa kidogo. Nne mimi. Tano mshonaji jirani. Sita mtu wa baiskeli ambaye hatukumjua jina, alikuwa amekuja kudai pampu yake. Saba kaka. Nane hapakuwa na mtu.

"Na miye?" mama akauliza.

"Wewe pumzika, Mama. Nikiita namba, mwenye namba ajibu, aseme joto lake. Wengine kimya kabisa. Mumeelewa?"

"Tumeelewa!" tukajibu wote kwa pamoja, na yeye akafumba macho.

"Namba moja, joto?"

"Alhamdulillah," akasema baba mkubwa, "joto ni nzuri. Na kwenu Nairobi, baba na mama baiko salama?"

"Jibu joto tu, Mzee."

"Ishirini. Lakini muntu anasalimiaga kwanza."

"Namba mbili?"

Shahidi alikuwa amesinzia. Mshonaji, ambaye ni tano, akajibu kwa niaba yake. Injinia akamkanya. Mshonaji akauliza, basi mgeni akilala tumwache aaibike? Namba tatu ilitaja bei ya sambaza. Halafu akaniita mimi.

"Namba nne?"

Nilikuwa najua jibu. Lakini baba mkubwa alikuwa pale, na mgeni, na mtu wa baiskeli ananiangalia. Nikafungua mdomo, hewa tu ikatoka.

"Anasema makumi tisa," akasema baba mkubwa.

"Asijibiwe!" Injinia akainama karibu yangu, akasubiri. Nikasema, "Makumi tisa," nafikiri ni yeye peke yake aliyesikia. Akanyooka. "Muoneni huyu. Haitwi, hasemi. Akiitwa, anasema neno moja, ananyamaza. Ishara ni dhaifu, lakini hiki ndicho kifaa kizuri kuliko vyote hapa."

Watu wakacheka, mwanamke wa sambaza akanipiga begani. Nilitamani ardhi inimeze, na bado ni sifa ninayoikumbuka kuliko zote nilizowahi kupewa.

Tano ikapita. Sita ikasema, "Miye ninataka tu pampu." Kisha injinia akaita, "Namba saba?"

"Ishirini na moja," kaka akasema, na wakati uleule, nyuma yetu, mama akasema, "Tuko hapa."

Injinia akageuka. Akaita tena. "Saba."

"Ishirini na moja." "Tuko hapa."

Wala hakuwa anafanya utani. Alikuwa amesimama nyuma ya kaka, mkono mmoja begani kwake, mwingine juu ya nafasi tupu ya benchi, pale nane. Ndivyo alivyokuwa akijibu siku zote mtu akimwita kaka kutoka barabarani. Sisi hatukuwa tunasikia tena.

Injinia aliangalia ule mkono kwenye benchi tupu. Halafu akaweka daftari chini, mara ya kwanza siku ile, akaenda akafungua vifuniko vya vipimo viwili vyenye uzi mwekundu. Akaangalia kimoja. Akaangalia kingine. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa pipa.

"Wanajibu pamoja," akasema. "Pampu ikitulia wote wanasema sifuri, kompyuta inasikia mmoja. Pampu ikipigwa kila mmoja anasema kidogo tofauti, basi hakuna anayesikika. Na wanawazibia wengine wote. Kimoja kiwe nane, tumemaliza."

Akachukua bisibisi. Mama akaweka mkono juu ya kifuniko.

Hakuna aliyecheka tena. Kaka akasema polepole, "Maman, nilikuambia. Bila sahihi, miye ninavuka."

Sijui nieleze vipi uso wa mama. Alimwangalia kaka, akaangalia vile vipimo. Alikuwa hataki kuwatenga, na akikataa kuwatenga, huyu mmoja aliye naye angepanda lori. Mtu wa baiskeli, ambaye hakujua habari yoyote, naye alikuwa ameshika kofia yake mikononi. Nje lori likapita, tukalingoja lipite.

"Hakuna mwenye kubakia nyuma," mama akasema mwishowe. "Usikamate mumoja uende naye, mwingine abaki pa zamani anangojea. Batoke bote. Pamoja. Ile saba muiache."

"Kimoja nane, kimoja tisa?" injinia akauliza.

"Miye sijui namba. Pamoja."

Ndivyo ilivyofanyika. Injinia akashika bisibisi moja, kaka nyingine, wakainama kila mtu kwenye kipimo chake, mama akasema "Bismillahi," wakageuza kwa wakati mmoja. Mtu akiwaona angedhani wanawatahiri. Kompyuta ikawashwa, kaka akapiga pampu kama mtu anayekimbizwa, na nane ikajibu, na tisa ikajibu, tofauti kidogo tu, kila mmoja kwa zamu yake. Pipa likarudi. Sufuria yangu ikarudi. Baba mkubwa akapiga makofi.

"Ngoja kwanza," shahidi akasema. Usingizi wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa ameweka kidole kwenye karatasi. "Hapa kuna saba. Saba iko wapi?"

"Saba haipo tena, Mzee. Kuna nane na tisa."

"Tisa haiko kwenye karatasi. Saba iko. Sitatia sahihi juu ya kintu sijaona."

"Tisa nitaiandika. Saba haipo."

"Basi unionyeshe kama haiko."

Nadhani katika shule zote alizosoma injinia hakuna aliyemfundisha kuonyesha kitu ambacho hakipo. Kisha akafanya jambo la busara. Akamvuta shahidi mbele ya skrini, akatuomba wote tunyamaze, hata pampu, na akaigiza ile kazi ya kompyuta kwa sauti huku akibonyeza.

"Namba saba?"

Tukanyamaza. Kaka alinyamaza. Nilimwangalia mama. Midomo yake ilifunguka kidogo, nikajua neno lililokuwa linakuja, maana nimelisikia maisha yangu yote. Akaweka ncha ya kitenge mdomoni, akaiuma.

"Namba saba?" injinia akaita mara ya pili. Mbuzi naye, nje ya geti, hakusema kitu.

"Namba saba."

Skrini ikaandika kwamba hakuna. Shahidi akaisoma mwenyewe, kidole chini ya kila herufi, kama ninavyosoma mimi. "Nimeona," akasema. "Haiko." Akamwambia injinia aandike. Mama akatoa kitenge mdomoni akauliza ni nini kinaandikwa, na injinia akamsomea, kwa heshima, kama mtu anayesoma barua.

"Namba saba imeitwa mara tatu mbele ya mashahidi. Haikujibu. Imekubaliwa."

"Imekubaliwa," mama akasema.

Shahidi akatia sahihi, baba mkubwa akatia sahihi. Mtu wa baiskeli akapewa pampu yake na chapati mbili, kwa mazoea. Siku hiyo jioni mama alipakua chakula. Sahani ya pili aliishika mkononi kwa muda, halafu akaileta, akaiweka mbele ya injinia, na injinia akala yote bila kujua anakula cha nani. Kaka yangu aliinama juu ya sahani yake hakuinua kichwa mpaka ikaisha.

Kabati ilipakiwa, kaka akaenda nayo, barabara ya kuelekea msituni, ile ambayo ukiendelea nayo sana kwa miguu unatokea Bweyeye. Yuko huko kiwandani mpaka leo. Anakuja nyumbani akinuka chai. Lile shati la sandukuni mama alimpa siku ile ya kuondoka, sasa anavaa yote mawili, kwa zamu.

Ila kuna jambo moja. Kila akija mama anamuuliza, "Mapasa baiko pamoja?" na kila mara anajibu, "Baiko, Maman." Lakini huyo ni mtoto wake, hawezi kusema vingine. Na nimesikia vipimo vinazeeka, kimoja kinaweza kutolewa kikabaki kingine. Mimi siwezi kwenda kuuliza geti la kiwanda, mnajua nilivyo. Basi wewe unayesoma hii, kama unafanya kazi kwenye chai, au una ndugu huko, au umepita tu na wakakuruhusu kuingia, angalia kwenye bomba la mvuke linalokwenda kukaushia majani. Utaona nyuzi mbili nyekundu, au moja. Uniandikie ulichokiona kwa macho. Usijali mwandiko wako, nami nitakujibu, ila unipe muda.